Dreamcast Haikuuawa na Nakala Haramu

Kila konsoli (mashine ya michezo ya video) mpya inapodukuliwa, hujitokeza mtu wa kukumbusha kwamba Dreamcast ya kampuni ya Sega iliuawa na nakala haramu, na kwamba wadukuzi sasa wamepata konsoli nyingine ya kuua. Kazi yangu ni kuchunguza usalama wa vifaa vya aina hii, na dai hilo nimelisikia mara nyingi mno. Linavuruga mfuatano wa matukio, kisha linatumia mvurugo huo kufanya hesabu ya mauzo isiyo na msingi.

Dreamcast iliingia sokoni Japani mnamo Novemba 1998. Michezo yake ilikuwa kwenye diski za GD-ROM zenye nafasi ya takriban gigabaiti 1, ambazo vichomeo vya kawaida havikuweza kuziandika. Mwanya haukuwa kwenye diski hizo, bali kwenye MIL-CD, muundo ambao Sega yenyewe iliuruhusu ili CD za muziki ziweze kubeba pia programu ndogo. Kinga pekee iliyowekwa hapo ilikuwa kuvuruga mpangilio wa baiti za programu, na wadukuzi walipoielewa, CD ya kawaida ikatosha bila chipu wala bisibisi. Hayo yalitokea katikati ya mwaka 2000, na Januari 2001 Sega ikatangaza kwamba inaacha biashara ya konsoli. Anayezitazama tarehe hizo mbili peke yake huona sababu na matokeo. Lakini kufikia Machi 2000 Sega ilikuwa imepata hasara kwa miaka mitatu ya fedha mfululizo, Saturn, konsoli yake iliyotangulia, ilikuwa imekwisha kuharibu imani ya maduka na wachapishaji, kampuni ya michezo ya Electronic Arts ilikuwa imekataa kuitengenezea Dreamcast michezo, na PlayStation 2 ya Sony, iliyoweza pia kucheza filamu za DVD, ilikuwa tayari inauzwa. Nakala haramu zilimkuta mgonjwa akiwa mahututi.

Linganisha konsoli nyingine uone dai hilo linavyovunjika. PlayStation 2, iliyotengenezewa chipu za udukuzi za kila aina, iliuzwa zaidi ya milioni 150. GameCube ya Nintendo ya wakati uleule, yenye diski ndogo za kipekee ambazo kwa muda mrefu zilikuwa ngumu kunakili, iliuzwa milioni 21.74. Nintendo DS, ambayo kadi za udukuzi za R4 zilifanya kunakili kuwa kazi ya dakika chache, iliuzwa milioni 154.02. PlayStation Vita, konsoli ya mkononi ya Sony, haikufunguliwa kikamilifu hadi HENkaku, programu ya udukuzi, ilipotoka mwaka 2016, na kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha kushindwa sokoni bila msaada wa mharamia yeyote.

Wapo wanaozichukua takwimu hizo na kukimbilia upande wa pili, wakidai kwamba uharamia ndio unaouza konsoli. Hao nao nawapinga vilevile. Konsoli inayopendwa huvutia wadukuzi wengi zaidi, kwa hiyo huenda umaarufu ndio unaozaa udukuzi. Zaidi ya hayo, faida kubwa ya mtengenezaji mara nyingi hutokana na ada anayotoza kwa kila mchezo unaouzwa, si kwenye kifaa chenyewe. Konsoli iliyonunuliwa kwa ajili ya nakala tu hupendeza kwenye takwimu za mauzo huku ikimwacha mchapishaji mikono mitupu. Ninaamini kwamba nakala za michezo ya PSP, konsoli ya mkononi ya Sony iliyotangulia Vita, ziliwaumiza kwa kweli wachapishaji wake, ingawa hakuna hesabu iliyonishawishi kwamba madhara hayo yanaweza kutenganishwa na uamuzi wa wachapishaji wakubwa wa kuhamia kwingine.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kuchukulia udukuzi na uharamia kuwa kitu kimoja. PlayStation 3 ilitoka Novemba 2006 ikiwa na OtherOS, sehemu iliyomruhusu mmiliki kusakinisha mfumo endeshi wa Linux, na kwa zaidi ya miaka mitatu hakuna aliyeonyesha hadharani kwamba ameivunja. Mwanzoni mwa 2010 mdukuzi George Hotz alitangaza kwamba amepenya ulinzi wake kwa kupitia Linux hiyo hiyo, na Sony ikajibu kwa kuifuta OtherOS kwenye sasisho la 3.21 la tarehe 1 Aprili 2010. Agosti ya mwaka huo kikaja kifaa cha udukuzi cha USB kiitwacho PSJailbreak. Desemba, kundi la wadukuzi la fail0verflow likaonyesha mjini Berlin kwamba saini za kidijitali ambazo Sony ilitumia kuidhinisha programu zilitumia namba ileile mahali ambapo kila saini ilihitaji namba mpya ya nasibu. Kwa kosa hilo, saini mbili na aljebra kidogo zinatosha kuukokotoa ufunguo wa siri. Kundi hilo lilisema wazi kwamba lilitaka kuirudisha Linux.

Wengi katika fani yetu hutumia kisa hicho kuhitimisha kwamba ukiwapa watu uhuru wa kuendesha programu zao, konsoli itabaki salama. Ningependa iwe hivyo, lakini ushahidi haufiki mbali kiasi hicho. Waliouza PSJailbreak walitafuta fedha, na sioni kwamba walihitaji kinyongo cha OtherOS ili kuanza kazi. Isitoshe, programu isiyo na saini ikishaweza kuendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa, mashine haina namna ya kutofautisha mchezo ulioutunga mwenyewe na mchezo ulionakiliwa. Waandishi wa HENkaku hawakuweka njia ya kuendesha nakala haramu, na bado watu wengine waliijenga juu ya kazi yao baada ya wiki chache. Ninayatetea maadili ya waandishi hao kwa moyo wangu wote, lakini siwezi kuyaita ulinzi.

Kuhusu mauzo, utafiti uliofanywa na kampuni ya Ecorys kwa Tume ya Ulaya, ukatangazwa hadharani mwaka 2017, haukupata ushahidi imara kwamba uharamia hupunguza mauzo kwa ujumla, isipokuwa kwa filamu mpya maarufu. Kwa michezo ya video, makadirio yalielekea hata kwenye ongezeko. Tafadhali usiubebe utafiti huo kama ngao, kwa kuwa kiasi cha makosa katika makadirio hayo ni kikubwa. Utafiti wa William Volckmann wa mwaka 2024, uliohusu michezo ya kompyuta iliyolindwa na Denuvo, programu ya kuzuia kunakili, ulikadiria kwamba mchezo unaovunjwa katika wiki ya kwanza hupoteza takriban asilimia 20 ya mapato, na kwamba baada ya wiki 12 hasara inakaribia sifuri. Siuoni mgongano kati ya tafiti hizo. Aliyepakua nakala ya mchezo wa miaka mitano iliyopita hakuwa mnunuzi, na kumhesabu kama mauzo yaliyopotea ni kupotosha. Aliyeipata siku mchezo ulipotoka huenda alikuwa na fedha mkononi.

Ndiyo maana wakati wa kupatikana kwa udhaifu una uzito kuliko udhaifu wenyewe. Ule wa Switch, konsoli ya Nintendo, uliotangazwa Aprili 2018 ulikuwa ndani ya ROM (kumbukumbu isiyobadilishika) ya kichakataji cha Tegra X1, mahali ambapo hakuna sasisho linaloweza kufika, na Nintendo ililazimika kubadilisha kichakataji kwenye mashine mpya. Hata hivyo, Switch iliendelea kuuzwa hadi ikapita milioni 150.

Xbox One ya Microsoft ya mwaka 2013 ilikwenda zaidi ya miaka 10 bila nakala haramu kusambaa. Wabunifu wake walimchukulia mmiliki mwenyewe kuwa ndiye mshambulizi, lakini tangu 2016 Microsoft ilimruhusu pia kuendesha programu zake kwa ada ndogo. Mimi huipa ruhusa hiyo uzito mkubwa kuliko usimbaji fiche wote uliomo ndani. Wenzangu hunipinga kwamba michezo mingi ya konsoli hiyo ilipatikana pia kwenye kompyuta, kwa hiyo maharamia hawakuwa na haja ya kuigusa, na hoja yao bado sijapata njia ya kuivunja.