Msihesabu ghorofa, hesabuni mirunda

Kuna jengo la makazi linapanda hapa Mbeya, la kuuzwa nyumba moja moja, na napita kando yake kila asubuhi. Si mradi wangu, ila zege bichi hunisimamisha popote. Wiki iliyopita, mwanzoni mwa Julai, mama anayeuza chai mbele ya geti aliniuliza: "Injinia, mbona limesimama? Hela zimeisha?" Slabu ya tano, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ilimwagwa siku kumi zilizopita, na tangu hapo hajaona kipya.

Nikamwambia, mama, halijasimama, linakomaa.

Zege haligandi kwa kukauka. Saruji hushikana kwa kuungana na maji, na kazi hiyo inataka joto. Joto likishuka nyuzi 10, kasi yake hupungua karibu nusu. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai huwa chini ya nyuzi 10, wakati Dar es Salaam bado watu wanalala na feni. Ratiba ya kufungua mbao zinazoshika zege bichi, iliyonakiliwa kutoka Dar, ni ya hatari hapa kwetu.

Hata vipimo vya nguvu ya zege vinaweza kutudanganya. Tunajaza zege kwenye viboksi vya chuma vya milimita 150, kisha vipande hivyo vinapondwa siku ya 7 na ya 28. Lakini maabara huvilaza kwenye maji ya nyuzi 20 hivi, na slabu yenyewe inalala nje, kwenye upepo unaoshuka kutoka mlima Loleza. Ndiyo maana nadai vipande vya ziada vinavyoachwa saitini, juu ya slabu ileile, vipate baridi ileile. Hivyo ndivyo vya kuamua lini mbao zitoke.

Sasa mirunda, yaani nguzo za muda zinazoegemeza slabu kutoka chini. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Slabu ya sentimita 20 ni kilo 480 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni karibu tani 10, bado hujahesabu nondo, mbao na mafundi. Mzigo huo, ukiwa bado uji, unabebwa na slabu ya chini yake, ambayo nayo bado changa. Peke yake haiwezi. Kwa hiyo mirunda huachwa ghorofa mbili au tatu kwenda chini, ili zigawane uzito.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, Iringa, tulitoa mirunda ya kibaraza kinachoning'inia siku ya sita, kwa sababu ilihitajika juu. Jioni ukingo ulikuwa umelala, unaonekana kwa macho. Hakuna aliyeumia. Tulikivunja chote, na bado inaniuma kwamba nilikuwepo nikanyamaza.

Kosa lingine la msimu huu ni kuacha kumwagilia kwa kuwa "kuna baridi". Kiangazi chetu ni baridi, lakini pia ni kikavu na chenye upepo, na upepo hunyonya maji juu ya slabu kabla saruji haijayatumia. Nyufa nyembamba huanza siku hiyohiyo. Magunia mabichi, nailoni juu yake, angalau siku saba. Wakati huu mimi nasema kumi.

Wanaolipia nyumba mapema wana haki ya kuyajua haya. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo (Unit Titles Act) inamruhusu mtu kupata hati ya sehemu yake ndani ya jengo, pamoja na fungu katika maeneo ya wote. Nguzo ya ghorofa ya kwanza inamhusu na wa ghorofa ya kumi. Ombeni majibu ya vipande vya saitini; mhandisi makini hatakasirika.

Leo asubuhi magunia yalikuwa yanachuruzika. Mama wa chai alikuwa ameshachungulia: ghorofa ya nne na ya tatu, mirunda yote ipo.