Ishara za seli: kongosho linajuaje kuwa umekula?

Kunywa chai yenye sukari na maandazi mawili, na dakika chache baadaye kongosho limeshaanza kumwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Nani kaliambia? Seli zake zimeionja sukari zenyewe. Kupokea habari namna hiyo na kuigeuza kuwa kazi, hatua kwa hatua, ndiko kunakoitwa ishara za seli.

Kazi hii ni ya seli za kongosho ziitwazo beta. Sukari ya damu ikipanda, huingia ndani yake ikachomwa, ikatoa nishati iitwayo ATP. Kwenye ngozi ya seli kuna vitundu ambavyo potasiamu huvuja kupitia humo kwenda nje. ATP ikiongezeka, vitundu hivyo hujifunga. Potasiamu ikishazuiwa, umeme wa ngozi hiyo hubadilika, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia kwa kasi, na vifuko vilivyojaa insulini husogea ukingoni na kumwaga mzigo wake.

Utumbo nao huchangia. Chakula kikifika huko hutoka homoni ya GLP-1, inayoikoleza ishara hiyo. Ndiyo sababu sukari iliyopita mdomoni huamsha insulini nyingi kuliko ya dripu, hata kipimo cha damu kikiwa sawa.

Katika kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili imeziua seli za beta, kwa hiyo hakuna wa kupokea ishara. Katika aina ya pili seli zipo, ila zinachelewa kuitika: mmwago wa kwanza, ule wa dakika kumi za mwanzo, hufifia mapema.

Hapa ndipo glibenklamidi, kidonge cha kisukari aina ya pili, inapoingia, na ningependa kila anayeimeza aelewe. Kidonge hiki hukifunga kitundu cha potasiamu chenyewe, bila kungoja ATP, yaani bila kuuliza kama sukari imepanda. Ukimeza kisha ukaahirisha chakula, insulini inatoka vilevile, na sukari ya damu hushuka kupita kiasi. Utaanza kutetemeka na jasho jembamba likutoke.

Lakini ubishi huohuo wa kidonge umewaokoa wengine. Wapo watoto wanaopata kisukari wakiwa na miezi michache tu kwa sababu ya hitilafu ya jeni, iliyogunduliwa mwaka 2004: vitundu vyao havisikii ATP, vinabaki wazi. Kufikia 2006 ilionekana kuwa wengi wao wanaweza kuacha sindano za insulini na kutumia vidonge vya jamii hiyo, kwa kuwa seli zao zilikuwa na insulini siku zote. Kilichokosekana ni wa kufunga kitundu.