Ndiyo, shahidi ni wa mahakamani

Juzi nimerudishiwa kijitabu cha ibada ya tarehe 3 Juni, siku ya kuwakumbuka Wakristo wa Uganda waliouawa kwa imani yao, nilichokihariri kwa wiki nzima. Kila palipoandikwa "mashahidi wa Uganda", neno limekatwa kwa wino mwekundu na juu yake pameandikwa "wafiadini". Mahali kumi na nne, nimehesabu. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza kuna maelezo: "Shahidi ni wa mahakamani. Tena hili ni neno la Waislamu."

Ninahariri na kutafsiri vitabu vya dini, na sentensi hizo mbili nimeshaambiwa na makatekista, waandishi wa habari na wanakwaya kiasi kwamba nimechoka kuzijibu kwa simu. Leo nazijibu kwa maandishi.

Ndiyo, shahidi ni wa mahakamani, na ndiyo sababu neno linafaa. Kwa Kigiriki martys alikuwa mtu anayesimama mbele ya watu na kusema aliyoyaona au anayoyajua. Wakristo wa kwanza walilikuta neno sokoni na barazani wakalitumia vivyo hivyo. Matendo 1:8 inaposema "mtakuwa mashahidi wangu", hakuna aliyeuawa hapo. Ufunuo 2:13 inamwita Antipa shahidi, kisha inaeleza kwa neno jingine kwamba aliuawa. Kifo kilikuja kuingia ndani ya neno baadaye, na kufikia karne ya 2, enzi za Polikarpo, askofu wa Smirna aliyeuawa kwa imani yake, kilikuwa kimeshaingia kabisa. Kilatini kikalibeba neno la Kigiriki jinsi lilivyo, lugha za Ulaya zikalirithi, na huko ushahidi hausikiki tena ndani yake. Basi mtu anasoma Kiingereza, anakuta maneno mawili, witness la mahakamani na martyr la kanisani, anarudi kwetu kutuambia Kiswahili kimekosea kuwa na moja. Kiswahili hakijakosea. Kimehifadhi kitu ambacho wenzetu wamekipoteza.

Waganda wenyewe, wenye watu wao, wanawaita Abajulizi. Omujulizi ni shahidi, huyo huyo anayeitwa na hakimu. Na ukisoma masimulizi ya Munyonyo utaona ni kwa nini. Mei 1886 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwakusanya hapo vijana wa ikulu, akaamuru wasiosali wabaki karibu naye na wanaosali wasogee upande wa pili. Karoli Lwanga, kiongozi wao, akasogea, wengine wakamfuata, Kizito akiwa mdogo kuliko wote. Ushahidi wao ulikuwa hatua hizo chache. Moto wa Namugongo, walikochomwa, ulikuja siku kadhaa baadaye, tarehe 3 Juni. Ukiniuliza ni lini walikuwa mashahidi, nitakuambia ni Munyonyo, walipoondoka upande mmoja wakaenda upande mwingine.

Hata hivyo nisijifanye kwamba jambo limenyooka. Mwaka 177 kule Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo waliofungwa na kuteswa walikuwa wanakasirika wakiitwa mashahidi wangali hai. Walisema shahidi ni Kristo, na wale waliokwisha kufa. Wao ni waungamaji tu, yaani watu waliokiri imani bila kuuawa. Kwa hiyo mapema kabisa wapo walioona kwamba kusema peke yake hakutoshi, mpaka mtu afike mwisho. Mimi naegemea upande wa Munyonyo, lakini wafungwa wa Lyon wananisumbua, maana wao walikuwa ndani ya gereza na mimi niko mezani.

Sasa hili la "neno la Waislamu". Wakristo wa Misri, Wakopti, wanahesabu miaka yao tangu 284, mwaka aliotawazwa kaisari Diocletian, na kwa Kiarabu kalenda hiyo inaitwa ya mashuhadaa. Hao ni Wakristo, na neno ni hilo hilo. Halafu aliyekimbia "shahidi" kwa kuogopa Uarabu amekimbilia "mfiadini", neno ambalo nusu yake ni "dini". Dini nayo ilitoka wapi?

Na kwa Waislamu wenyewe neno ni pana kuliko watu wanavyodhani. Aya inayokataza kuwaita wafu waliouawa katika njia ya Mwenyezi Mungu, Al-Baqara 154, haitumii neno shahidi. Ndani ya Qurani shahidi ni mtoa ushahidi mara nyingi zaidi. Hadithi ndizo zilizofungua mlango: aliyekufa kwa tauni, kwa ugonjwa wa tumbo, aliyezama, aliyeangukiwa na jengo, na katika riwaya nyingine mwanamke aliyekufa na mimba. Niliwahi kukaa msibani Tanga, mama mmoja kafa akijifungua. Bibi mmoja aliingia, akakaa mkekani, akamshika mkono mama wa marehemu na kumwambia, "Mwanangu, amekufa shahidi huyu." Hakuna aliyeshangaa. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanatenganisha: aliyeuawa vitani haoshwi, anazikwa na nguo zake zenye damu, yule wa uzazi anaoshwa na kuswaliwa kama maiti yeyote, na ushahidi wake ni wa akhera. Anayedhani neno hili linahusu silaha tu hajawahi kukaa msiba wa pwani.

Mfiadini silichukii. Nalitumia. Lakini tazameni kitenzi kilichomo. Kufia ni kazi tatu: mtu anafia nchi yake, mtu anafia njiani, na mtoto anamfia mama yake. Msomaji wa kwetu anajua kuzitenganisha, ila neno limeelekeza macho yote kwenye kifo, na kifo chenyewe kimefungwa kwenye dini. Ndipo linapobana. Floribert Bwana Chui alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani Goma, Kongo. Alikataa rushwa ili mchele ulioharibika usiingie sokoni, akauawa mwaka 2007. Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri, ngazi iliyo kabla ya utakatifu, mjini Roma, akihesabiwa miongoni mwa waliouawa kwa chuki dhidi ya imani. Waliomuua walitaka mchele upite. Je, waliichukia imani yake? Kanisa limesema ndiyo, kwa kuwa imani ndiyo iliyomfanya akatae. Nalipokea hilo, na bado naona "mfiadini" linanilazimu nieleze sana, wakati "shahidi" linakaa bila kusukumwa: aliona mchele mbovu, akasema ni mbovu. Mjadala kama huo ulimpata Maximilian Kolbe, padre wa Poland aliyekufa katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz mwaka 1941 badala ya mfungwa mwenzake. Mwaka 1971 alitangazwa mwenyeheri kama muungamaji, na mwaka 1982 akatangazwa mtakatifu kama shahidi. Mtu ni yule yule, kifo ni kile kile.

Mengine kwa haraka. "Mashuhuda" nawaachia walioona ajali wakamsimulia mwandishi. Ukiandika "mashuhuda wa Uganda" msomaji anatafuta basi lililopinduka. Mhanga ni mwingine kabisa. Wahanga wa mafuriko hawakuulizwa kitu, na shahidi ameulizwa akajibu. Kuhusu kuandika "mfia dini" au "mfiadini", naunganisha, ingawa katika vitabu nilivyohariri zamani nilitenganisha, na sina hoja nzito ya upande wowote.

Kijitabu nimekirudisha jana. Mashahidi kumi na wanne wako mahali pao. Katika wimbo wa matoleo nimeacha "wafiadini", kwa sababu mtunzi aliliandika hivyo na mizani ya ubeti inalihitaji.