Myeongnyang 1597: meli 13 na mkondo wa bamvua

Somo la vita vya baharini mimi hulianza kwa Yi Sun-sin, amiri wa jeshi la majini la Korea, si kwa Nelson, amiri wa Uingereza. Nelson alikuwa na manahodha waliomfuata bila kusukumwa. Yi hakuwa nao.

Mwaka 1597 Wajapani waliivamia Korea kwa mara ya pili. Yi alikuwa amekwisha kuvuliwa uongozi, akateswa kifungoni, akashushwa hadi askari wa kawaida. Mrithi wake, Won Gyun, alishindwa na Wajapani huko Chilcheollyang, na karibu jeshi lote la majini likaangamia. Yi aliporudishiwa cheo alikuta meli 12, na moja ikaongezeka baadaye. Mfalme Seonjo alitaka mabaharia wakapigane nchi kavu. Yi akamjibu kwamba meli 12 bado anazo.

Aliwangojea Wajapani katika mlangobahari wa Myeongnyang, kati ya kisiwa cha Jindo na bara, njia ya kuelekea pwani ya magharibi. Ni pembamba, na mkondo wake hufikia takriban kilomita 18 kwa saa. Siku ya vita, 26 Oktoba, ilikuwa siku ya 16 ya mwezi mwandamo, mwezi ukiwa mpevu. Mtu wa pwani anajua maji ya bamvua yalivyo: hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, na mkondo huwa mkali.

Asubuhi mkondo ukazileta meli za Kijapani zaidi ya 130. Manahodha wa Yi wakabaki nyuma, meli yake ikapigana peke yake kwa mizinga na mishale. Katika shajara yake ameandika kwamba alitamani kurudi awaadhibu, ila akiigeuza meli yake wao watazidi kukimbia. Basi akakaa pale pale, akapandisha bendera ya kuwaita. An Wi, mmoja wa manahodha hao, aliposogea, Yi akamfokea kwa jina: anataka kufa kwa sheria ya jeshi? Akikimbia, ataishi wapi? An Wi akajitosa katikati ya adui, akazingirwa, na Yi mwenyewe akaenda kumnusuru.

Mkondo ulipogeuka, Wajapani walisukumwa nyuma wakigongana. Meli 31 ziliharibiwa, na Yi hakupoteza hata moja. Kuna simulizi ya mnyororo wa chuma uliotandazwa chini ya maji. Shajara haiutaji, nami siuamini.

Usiku huohuo aliziondoa meli zake hadi Dangsado, kwa kuwa Wajapani walikuwa bado wengi.