Kuchapwa mapema si kukosa kipaji

Mashabiki wengi wa besiboli ya Marekani huamini kwamba mrushaji kijana, yule anayemtupia mpigaji mpira, akichapwa misimu ya mwanzo, hana lake tena. Si kweli. Mwaka 2000 Roy Halladay wa Toronto Blue Jays aliruhusu wastani wa mikimbio (alama za wapinzani) 10.64 kwa kila vipindi 9, yaani mechi nzima. Aibu tupu, tuseme ukweli. Mwaka uliofuata akashushwa ligi za chini, Dunedin, Florida. Kasi alikuwa nayo, ila mpira wake ulinyooka mno na wapigaji waliusoma. Kocha Mel Queen alimfundisha kuteremsha mkono, asirushie juu kabisa ya kichwa, na mpira ukaanza kupinda. Akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, 2003, kisha 2010. Mrushaji mwingine, Greg Maddux naye, mwaka 1987, alishinda mechi 6 na kupoteza 14. Alistaafu akiwa na ushindi 355.