Je, wajua kwa nini Kiingereza huuliza kwa "do"?

Anayejifunza Kiingereza akishajua kwamba "you know" ni "unajua", ana haki ya kushangaa. Sisi tunatosheka na "je, unajua?" Hiyo "do" ya "Do you know?" inafanya kazi gani? Mara nyingi hujibiwa kwamba ndiyo kanuni, akariri tu. Lakini sababu ipo, na anayeifahamu huachana na makosa kadhaa kwa mpigo.

Zamani "do" haikuwamo. Kiingereza kiliuliza kwa kutanguliza kitenzi chenyewe kabla ya mtenda, kama Kijerumani kifanyavyo hadi leo. Msomaji wa Biblia ya King James ya mwaka 1611 anaujua mtindo huo. Katika Luka 24, wanawake waliofika kaburini wanaulizwa, "Why seek ye the living among the dead?" Mtu wa leo angesema "Why do you seek". Kukanusha nako kulifanyika bila "do" ya kusaidia: "they know not what they do", yaani hawajui watendalo. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, aliandika kwa namna zote mbili, maana lugha ilikuwa bado inageuka.

Iligeuka kwa nini? Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi mwishoni mwa maneno vilivyoonyesha nani katenda na nani katendwa. Vilipopotea, kazi hiyo ikabebwa na mpangilio: mtenda, kitenzi, mtendwa. Sasa sema "Saw the boy the lion?" Mvulana na simba wamefuatana, kitenzi kimewakimbia wote wawili, na msikilizaji anabaki kukisia nani alimwona mwenzake. "Did the boy see the lion?" inarudisha kila mmoja mahali pake. Wapo wataalamu wanaosema Kiwelisi na Kikorni, lugha za majirani wa Waingereza, zilichangia, na wapo wanaopinga. Kwangu mimi hoja ya mpangilio ndiyo nzito, kwa sababu inafumbua na fumbo la "who".

"Who ate the food?" haina "did", ilhali "Who did you see?" inayo. Katika swali la kwanza "who" ndiye mla chakula, yuko mwanzoni ambako mtenda hukaa siku zote, kwa hiyo hakuna kilichovurugika. Katika la pili "who" ndiye aliyeonwa, naye amehamishwa kutoka nyuma ya kitenzi. Ndipo "did" inapohitajika.

Vitenzi kama "can", "must" na "is" vilibaki na desturi ya zamani, vinatangulia vyenyewe: "Can you swim?"

Kosa linalotusumbua zaidi sisi Waswahili ni "Did you went?" Nadhani linatoka nyumbani. Kwetu kitenzi "kuwa" kikisaidia kingine, kila kimoja hubeba alama zake: "nilikuwa nimefika", nafsi mara mbili, wakati mara mbili. Kiingereza hutia alama mara moja tu, kwenye kitenzi cha kwanza. Wakati uliopita ukishaingia kwenye "did", "go" hubaki tupu: "Did you go?" Na ile "s" ya "he knows" huhamia kwenye "does", ndiyo maana ni "he doesn't know", wala si "he doesn't knows".