Je, wajua kwa nini Mfalme wa Uingereza haruhusiwi kuingia House of Commons, ukumbi wa wabunge waliochaguliwa na wananchi?

Kama umewahi kuangalia kwenye tivii siku Mfalme wa Uingereza anafungua Bunge utakuwa umeona hiki kitu, mfalme kakaa kwenye kiti cha enzi kule House of Lords (ukumbi wa pili wa Bunge, wa wasiopigiwa kura na wananchi), taji kichwani, anamtuma mtu anaitwa Black Rod aende akawaite wabunge, na yule mjumbe akikaribia tu mlango wa House of Commons anafungiwa usoni, paa! Inabidi agonge mara tatu na fimbo yake nyeusi ndo wamfungulie. Wengi wanadhani ni maigizo tu ya wazungu. Hapana jamani, nyuma ya ule mlango kuna damu ya mfalme, na mimi kwa kweli hiyo ndo sehemu inayonifanya niupende ule ufalme kuliko hata farasi na magari ya dhahabu.

Ilikuwa tarehe 4 Januari 1642. Mfalme Charles I alishagombana na Bunge muda mrefu, mambo ya kodi, dini, nani aongoze jeshi, basi siku hiyo akaamua kwenda mwenyewe na askari wenye silaha kuwakamata wabunge watano, akina John Pym na John Hampden. Akaingia mpaka ndani, akamwambia Spika ampishe kwenye kiti chake, anaangaza macho huku na huku, wale watano hawapo, walishatonywa wakapanda boti kwenye mto Thames wakayeyuka. Akamuuliza Spika, William Lenthall, wako wapi? Lenthall akapiga magoti, akamjibu kwamba humo ndani yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema isipokuwa vile Bunge litakavyomwelekeza, maana yeye ni mtumishi wa Bunge. Hebu fikiria unamjibu hivyo mfalme wa karne ile na askari wake wamesimama mlangoni! Mi nikisoma pale huwa nasisimka kila mara.

Charles akatoka mikono mitupu. Mwaka haukuisha nchi ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na tarehe 30 Januari 1649 akakatwa kichwa hadharani London, Uingereza ikakaa bila mfalme mpaka 1660. Tangu ile siku ya 1642 hakuna mfalme wala malkia aliyeingia tena House of Commons kikao kikiwa kinaendelea, ndo maana anatuma mjumbe, na mjumbe mwenyewe anafungiwa mlango kwanza. Sarah Clarke, mwanamke wa kwanza kuwa Black Rod, aliyeanza 2018, naye aligonga kama wenzake wote.

Wabunge nao wakishaitwa hawakimbilii, wanatembea wawili wawili wanapiga stori, Waziri Mkuu bega kwa bega na kiongozi wa upinzani, Spika mbele na siwa inamtangulia (ile siwa mnayoiona Dodoma ikiingia mbele ya Spika wetu imetoka kwenye utamaduni huo huo). Na siku hiyo mbunge mmoja anabaki Buckingham Palace kama mateka mpaka mfalme arudi nyumbani salama. Hadi leo!

Halafu ile hotuba. Mfalme anaisoma yeye ila imeandikwa na serikali. Novemba 2023 Charles III alisoma mipango ya Waziri Mkuu Rishi Sunak wa chama cha Conservative, Julai 2024 akasoma ya Keir Starmer wa Labour, yaani chama cha wafanyakazi, uso ule ule, sauti ile ile, huwezi kujua moyoni anampenda nani. Mama yake, Malkia Elizabeth, alipita na mawaziri wakuu 15, kuanzia Churchill mpaka Liz Truss, kwa nidhamu hiyo hiyo. Mtu mwenye taji zito vile, kila mtu anamuinamia, na bado anakubali kusoma maneno ya watu waliopigiwa kura, kwangu mimi huo ndo ukubwa wenyewe.

Wabunge wakirudi ukumbini kwao hawaanzi na hotuba. Unasomwa kwanza muswada wa zamani unaitwa Outlawries Bill, haujadiliwi wala haupitishwi, upo kuonyesha tu kwamba Bunge lina haki ya kuanza na jambo lake kabla ya jambo la mfalme. Baada ya hapo wanaijadili hotuba siku kadhaa na kuipigia kura, na kura hiyo sio ya kuigiza. Januari 1924 serikali ya Stanley Baldwin ilishindwa kwenye kura hiyo ikaanguka, ikabidi Mfalme George V amuite Ramsay MacDonald aunde serikali ya kwanza kabisa ya Labour, MacDonald ambaye hata baba yake alikuwa kibarua wa shamba. Siku hiyo George aliandika kwenye shajara yake kwamba imetimia miaka 23 tangu bibi yake, Malkia Victoria, afariki, akajiuliza bibi angesemaje kuhusu serikali ya Labour. Na nchi alishamkabidhi MacDonald.